TAHADHARI: Holda feki na vijino feki vya CBN

Wakuu, habari za kazi. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya mafundi akinadi holda za kukerezea (mikono ya chuma inayoshika kijino kwenye mashine ya lathe) na vijino vya CBN (vipande vidogo vya kukatia vyenye kona ya boroni nitridi, kitu kigumu sana) kwa bei ya chini mno. Picha anazotuma ni za mali halisi. Ukishalipa kwa simu, mzigo unaofika na basi ni kitu kingine kabisa, na namba yake haipatikani tena.

Jirani yetu wa karakana hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kaletewa holda iliyochapwa DCLNR 2525 M12. Ile D ya mwanzo inamaanisha kibano kinachokandamiza kijino chini na kukivuta nyuma kwa pamoja, ndiyo maana tunaitafuta kwa chuma kigumu cha HRC 58 kwenda juu (HRC ni kipimo cha ugumu). Hii inagusa juu tu. Kaza skrubu mpaka mwisho, kijino bado kinacheza ukikisukuma kwa kidole! Shimu, kile kipande bapa kinachokaa chini ya kijino, ni chuma laini, tupa inaila. Shimu ya kabaidi (mchanganyiko mgumu wa tungsteni na kaboni), tupa huteleza tu.

Ukikereza chuma laini unaweza usigundue mapema. Chuma kilichokazwa kwa moto tunakikata kidogo kidogo, 0.1 hadi 0.5 mm, na nguvu kubwa inairudisha holda nyuma. Kijino kikicheza, mashine inalia, shafti inatoka na mawimbi, na kona ya CBN inameguka, kwa sababu CBN ni ngumu lakini haivumilii kugongwagongwa. Najua wapo watakaosema holda ilitokeza sana. Hapana. Ilitoka 30 mm, na kwa shina la 25 mm hiyo ni sawa. Kweli urefu uliotokeza ukiwa maradufu holda hupinda mara nane, ila hapa kosa ni la kibano.

Vijino ndiyo wizi wa wazi: kabaidi tupu, kona imepakwa rangi nyeusi, thina inaitoa. Kwenye kijino cha CBN cha kuunganishwa (kona ya CBN imeungwa kwenye kabaidi) kisichopakwa kitu, mstari wa kiungo unaonekana kwa macho.

Usilipe kabla hujaushika mzigo. Funga kijino, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya chini yake, mrudishie. Kama yuko mbali, mwambie akutumie video ya kiti cha holda (pale kijino kinapokaa) kikiwa kitupu, kibano kimefunguliwa.

Majina na namba anabadilisha, picha ni zilezile: holda juu ya kitambaa cha bluu, pembeni rula ya chuma. Jirani kesharipoti polisi. Kama nawe umelizwa, usifute meseji za malipo, nenda nazo kituoni.