Betri nne na matairi tisa: nilivyosafisha ua wangu Magongo, Mombasa

Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa kutupa vitu. Gari letu la Probox limekula betri na matairi miaka kumi na miwili, na kila kilichochoka kilisukumwa nyuma ya choo cha uani. Msimu wa mvua uliopita mjukuu wangu alishikwa na dengi, ile homa wazee waliyoiita kidingapopo. Nikaenda kuchungulia huko nyuma: kila tairi limeshika maji, na ndani viluwiluwi vya mbu vinacheza. Siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta wa kuniondolea.

Wa kwanza alikuwa kijana wa skrepu mwenye mkokoteni. Raha yake ni kwamba anakufuata mlangoni na mizani anayo. Alinipa bei ya shilingi 3,000 kwa betri zote nne, kisha akasema, "Lakini mamangu, kwanza nimwage hii asidi, wananunua kavu." Nikamuuliza ataimwaga wapi. Akanionyesha mtaro unaopita mbele ya nyumba, watoto wa jirani wamechutama papo hapo na mikebe yao. Nikamwambia, "Mwanangu, acha, siziuzi tena."

Sisi wa huku hatuhitaji kuhadithiwa habari za risasi, ile metali yenye sumu iliyo ndani ya betri. Mtaa wa Owino Uhuru si mbali na kwangu. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya risasi kwenye hewa, maji na udongo wa mtaa mzima. Phyllis Omido alifanya kazi pale, na mtoto wake mchanga akapatikana na sumu hiyo mwilini. Ndipo alipoanza kupigania wenzake, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mahakama ya Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikafutwa kwenye rufaa, mpaka Mahakama ya Juu ilipoirudisha Desemba 2024. Risasi huingia kwenye ubongo wa mtoto na haina kiwango kisicho na madhara. Na betri zile zilitoka kwenye magari ya watu kama sisi.

Basi nikazipeleka kwenye duka la betri. Nilikuwa nahitaji mpya, na kumbe mengi ya maduka haya hupokea ya zamani na kukupunguzia bei. Ile moja nilipunguziwa 1,500. Zile tatu nikapewa 1,000 kila moja taslimu. Kilichoniridhisha zaidi ni kwamba mwenye duka hakutaka betri iliyomwagwa asidi. Alizipanga wima juu ya mbao, ndani, pasipofika mvua, akanionyesha nakala ya kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha lori linalokuja kuzichukua. Ukienda dukani uliza kibali hicho, usione haya. Betri yangu moja ilikuwa na ufa, kwa hiyo niliibeba ndani ya beseni la plastiki, nikanyunyiza magadi palipovuja, mikononi nimevaa glavu za mpira. Usiilaze betri kwenye buti hata kama safari ni fupi.

Matairi ndiyo yaliyonitesa. Gari la taka tunalolilipia kila mwezi lilichukua mawili, nikashukuru. Wiki haikwisha nikayaona kwenye uwanja wa karibu yanawaka, moshi mweusi unaingia madirishani mwa watu. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimelipa. Huduma hiyo siipendekezi kwa yeyote mwenye matairi.

Yakabaki saba. Fundi wa akala, vile viatu vya mpira wa tairi, alichukua matatu tu, yale ya zamani ya pikapu ya shemeji, yasiyo na nyaya. Alinieleza vizuri kwamba matairi ya siku hizi yana nyaya za chuma ndani, kisu hakipiti na kiatu humchoma mvaaji. Hakunilipa kitu, wala sikumdai. Shule ya chekechea iliomba mawili. Nikahakikisha wameyatoboa chini na kuyafukia nusu kwa mchanga, yasishike maji.

Mtu mmoja alitaka kuninunulia mawili ya mwisho kwa 1,000 kila moja, eti bado yana meno. Nikamwonyesha tarakimu nne za ubavuni: 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo hupasuka ukiwa kasi, na njia ya kuelekea Mariakani imejaa abiria. Nikayakata ubavu kwa msumeno asije mtu akayafunga kwenye matatu. Sasa yamelala chini ya bati, makavu, na fundi wa pancha wa hapa kona ameniahidi kuyapandisha kwenye lori linalokusanyia kiwanda cha saruji, ambako huchomwa ndani ya tanuri lenye joto kali badala ya uwanjani. Linapita mwisho wa mwezi.