Ziara ya makaburi ya Chapwani: boti nzuri, maelezo nusu

Ziara za kisiwa cha Chapwani zinazouzwa kandokando ya Forodhani, mjini Unguja, zinatangazwa siku hizi kuwa ni ziara za Vita Kuu ya Kwanza. Kwa upande wa bahari, hakuna la kulalamikia. Boti ya mashine inafika kwa robo saa hivi na manahodha wanajua pa kutua hata maji yakikupwa. Patana bei ya boti nzima, si ya kichwa, na uliza mapema kama ada ya kutua imo ndani, kwani kisiwani pana hoteli. Toka asubuhi, msimu wa kusi bahari huweza kuchafuka mchana. Dai jaketi la kuokolea kabla boti haijang'oa nanga, na ulivae.

Usikubali kuunganishiwa kisiwa jirani cha Changuu kwanza. Ukianzia huko, Chapwani utafikishwa jua likiwa kali, na popo na paa wadogo watapewa muda mwingi kuliko makaburi.

Kasoro iko kwenye maelezo. Watembezaji wengi huchanganya meli mbili zilizozama bandarini. Glasgow, meli ya Sultani, ilizamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Uingereza na Zanzibar vilivyodumu chini ya saa moja. Pegasus ilikuwa manuwari ya Waingereza wenyewe, ikazamishwa na manuwari ya Wajerumani, Königsberg, tarehe 20 Septemba 1914. Mabaharia wa Pegasus ndio waliozikwa Chapwani, jirani na wenzao wa karne ya 19 waliokuwa wakiyafukuza majahazi ya watumwa.

Kosa la pili ni kusema Wajerumani walishinda kwa sababu mizinga yao ilikuwa mikubwa zaidi. Ya Pegasus ilikuwa ya inchi 4, yaani milimita 102 hivi, na ya Königsberg milimita 105. Tofauti hiyo si kitu. Kilichoamua ni masafa na hali ya meli. Pegasus ilikuwa ya 1897, imetia nanga na mitambo yake iko kwenye matengenezo, haiwezi kuondoka. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya kisasa, ikafungua moto kiasi cha saa 11 na dakika 10 alfajiri kutoka kama kilomita 8. Makombora ya Pegasus yakawa yanaanguka majini kabla ya kufika. Walikufa 38, na waliojeruhiwa walizidi 50. Mtembezaji anayeweza kusimama ufukweni akakuonesha upande lilikotokea shambulio, na akaeleza kwa nini meli iliyofungwa nanga haina ujanja, huyo mlipe na bahashishi.

Sababu za vita nazo hupitwa kwa sentensi moja ya mauaji ya mrithi wa ufalme wa Austria kule Sarajevo, kana kwamba risasi ile ililenga Unguja. Anzeni na mkataba wa 1890: Ujerumani iliitambua himaya ya Uingereza hapa Zanzibar, nayo ikapata kisiwa cha Heligoland na kuimarisha mamlaka yake pwani ya Tanganyika. Tangu hapo dola mbili zilitazamana kuvuka mkondo mwembamba wa bahari. Agosti 1914 Waingereza wakaipiga Dar es Salaam kwa mizinga. Septemba zamu ikawa yetu.

Sehemu tamu kuliko zote, nayo haisemwi kabisa, ni makaa ya mawe. Bila makaa manuwari haiendi, na Waingereza walihakikisha Königsberg haipati bandari ya kuyanunua. Ndiyo maana nahodha wake, Max Looff, aliificha kwenye delta ya Rufiji. Baada ya kuipiga Pegasus mtambo wake ukaharibika, akarudi mafichoni, na vipuri vikabebwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam. Waingereza wakaziba midomo ya mto kwa miezi. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za Waingereza zinazoweza kupita maji mafupi, Severn na Mersey, ziliimaliza, ndege ikiwaelekeza wapigaji makombora yanapoangukia. Wajerumani wakaiopoa mizinga, wakaifungia magurudumu, ikapigana bara hadi miaka ya mwisho ya vita.

Hapo ndipo ziara inapotakiwa kuwataja wapagazi, na kutowataja ni kosa zito. Bara kulikuwa na ndorobo waliowaua punda na ng'ombe, barabara hakuna, hivyo kila kombora na kila gunia la unga lilipanda kichwani mwa mtu. Unguja na Pemba nazo zilitoa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mabaharia wa Pegasus wana jiwe lenye majina yao. Wapagazi wengi hawana hata alama ya kaburi. Mgeni akiondoka Chapwani bila kulijua hilo, ameuziwa nusu ya vita.

Na Sayyid Khalid bin Barghash, Sultani aliyepinduliwa 1896 katika vita vilivyoizamisha Glasgow akakimbilia kwa Wajerumani, alikamatwa na Waingereza katika vita hivihivi, 1916. Alifariki Mombasa 1927. Mtembezaji akimjua huyu, meli zote mbili zinaelezeka kwa mkupuo mmoja.

Nauli inastahili. Ila kabla hujatoa kianzio, muulize mtembezaji maswali mawili: Pegasus ilizama lini, na Königsberg iliishia wapi. Akijibu Rufiji bila kusita, panda. Wenye boti nao wachape ramani moja ya Unguja, Dar es Salaam na Rufiji, waitie plastiki, wakae nayo botini.