Apu ya kupunguza uoga wa daktari wa meno: uzoefu wangu hapa Kisumu

Wacha niseme mapema ndio mwenye haraka asisome yote: hii apu inasaidia, tena sana, lakini si kwa ile sehemu yenye walioitengeneza wanaonekana kuipenda. Muziki wa taratibu na picha za milima na maji yanatiririka mimi sikuona kazi yake. Kilichonisaidia ni vile inakuambia ukweli wote kabla ufike kwa kiti, na vile inamwambia daktari kuhusu uoga wako kabla wewe mwenyewe ufungue mdomo.

Niliipata kupitia kliniki yenye nilikuwa nimebuku kuziba jino la nyuma. Ukishabuku wanakutumia linki kwa SMS, unadaunlodi bure. Mimi nauza mitumba Kibuye na simu yangu ni ya kawaida tu, kwa hivyo nitaongea pia mambo ya bando na betri juu hizo ndizo zinafanya apu nyingi zifutwe huku kwetu.

Uoga wangu si ule wa "aii mi sipendi sindano" halafu mtu anaenda tu. Nikiwa msichana mdogo nilitolewa gego kwa kliniki fulani shavu likiwa limefura, usaha umejaa, nikadungwa ganzi haikushika, na wakaendelea kuvuta hata vile nilikuwa nalia. Kutoka hapo jino likiuma nanunua dawa ya maumivu, naweka karafuu, naambia watu nitaenda mwisho wa mwezi. Mamangu ananiambianga ati kizazi cha nyanya zetu walitolewa meno sita ya chini ya mbele bila ganzi yoyote, ndiyo ilikuwa mila ya Wajaluo, na mtu hakuruhusiwa hata kulia, sasa wewe unaogopa nini. Namheshimu mamangu lakini hiyo stori haijawahi kunipeleka hospitali hata siku moja, inaniongezea aibu tu, na mtu mwenye uoga ukimuongezea aibu ndio hataenda kabisa.

Apu inaanza na maswali 5. Ungejisikia aje kama ungekuwa unaenda kwa daktari wa meno kesho, ukiwa umekaa mahali pa kungojea, ukingoja jino litobolewe na drili, ukingoja kusafishwa meno, na ukingoja sindano ya ganzi kwa ufizi. Kila swali unajibu kuanzia 1, yaani hauogopi, mpaka 5, unaogopa kupita kiasi. Wanajumlisha, kwa hivyo ya chini kabisa ni 5 na ya juu ni 25, na ukifika 19 kwenda juu unahesabiwa kuwa na uoga mkubwa. Hayo maswali si ya watu wa apu, ni kipimo kilichotolewa 1995 na kina Gerry Humphris huko Uingereza na madaktari wa nchi nyingi wanakitumia. Mimi nilipita 19. Na ajabu ni kwamba nilisikia nafuu, juu miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niko hivi, kumbe tuko wengi mpaka wataalamu wakaona watupimie.

Sasa sehemu ambayo ningeweka mbele kabisa kama ingekuwa mimi natengeneza hii kitu. Kuna sauti fupi fupi za Kiswahili, mtu anaongea polepole, kila moja inaeleza jambo moja. Ile ya ganzi niliirudia sana nikiwa pale kibandani wateja wakiwa wachache. Inaeleza kwamba mahali penye usaha na uvimbe panakuwa na asidi, na ganzi ikiingia kwa asidi inakosa nguvu, ndio maana jino lililochelewa sana ni gumu kufisha ganzi. Yaani ile siku yangu ya utotoni imeelezwa hapo kwa sauti ya dakika moja hivi. Haikuwa ati mimi nilikuwa mtoto mlegevu. Na pia nikaelewa ule mzunguko wote, unaogopa unachelewa, ukichelewa linaoza mpaka ndani, likioza mpaka ndani ganzi haishiki vizuri, unaumia, unaogopa zaidi. Hakuna mtu alikuwa amekaa chini akanieleza hivyo.

Nyingine inasema ganzi mara nyingi imechanganywa na adrenalini kidogo ya kubana mishipa ya damu ndio ganzi ikae hapo muda mrefu, na hiyo adrenalini inaweza kufanya moyo uende mbio kwa dakika chache. Hii nayo ni muhimu jamani. Juu nilipodungwa moyo ulienda mbio kweli, na kama singekuwa nimeambiwa ningesema nakufa hapa, ningeshuka kwa kile kiti nikimbie. Badala yake nikajiambia hii ni ile dawa, itapita, na ikapita. Wanakuambia pia utasikia kusukumwa na kutikiswa lakini hutakiwi kusikia uchungu mkali, na ukisikia sema, utaongezwa ganzi. Hata ile harufu ya kliniki ya meno yenye inanikataza kupumua nikifika tu mlangoni wameieleza, ni mafuta ya karafuu ambayo yanachanganywa kwa dawa ya kuziba jino kwa muda. Karafuu ile ile naweka nyumbani!

Kuna mahali unaweza kusikiliza mlio wa drili wewe mwenyewe. Inaanza iko mbali, kama iko nyuma ya mlango umefungwa, halafu unasogeza kidole inakaribia kidogo kidogo na ukizidiwa unarudisha. Mwanzo nilifunga apu na kuweka simu chini. Lakini ukirudia ukiwa mahali pako, ukiwa umekunywa chai yako, mwili unazoea, na kufikia siku yenyewe ule mlio haukuwa mgeni kwangu. Hapo waliotengeneza wametumia akili.

Kitu kingine walifikiria vizuri ni kupumua. Apu nyingi zinakuwekea duara kwa skrini ati uangalie, sasa nitaangalia aje nikiwa nimelazwa, taa iko machoni na nimevalishwa miwani? Hii inatetemeka. Unashika simu kwa kiganja juu ya tumbo, inatetemeka kwa ufupi ukivuta pumzi na kwa urefu ukitoa, juu kutoa pumzi polepole ndiko kunatuliza moyo. Ilikuwa ni kama mtu amenishika mkono.

Lakini kilichonimaliza ni daktari. Niliingia akaniambia, "Mama, nimeona majibu yako, sindano umeweka tano. Hatutakimbizana leo. Ukiinua mkono wa kushoto naacha, hata nikiwa katikati ya kazi, si lazima uniambie kwa nini." Akasema tujaribu. Akawasha drili ikiwa mbali na mdomo wangu, nikainua mkono, ikazimika papo hapo. Nikashusha, akawasha, nikainua tena, akazima tena. Alinipaka jeli ya ganzi kwa ufizi kwanza, akangoja, ndio akadunga. Kazi iliisha na sikutoa chozi. Apu bila daktari wa namna hiyo sidhani ingenisaidia hata nusu, na hapo ndipo naona uzuri wake, kazi yake kubwa ilikuwa kutukutanisha mimi na yeye tukiwa tayari tunaelewana.

Shida zake sasa. Kuna kitufe kikubwa chekundu cha kusema SIMAMA, simu inatoa sauti, lakini skrini ikijifunga kitufe kinapotea na huwezi kuanza kuweka namba ya siri ukiwa na drili mdomoni, kwa hivyo wangekitoa ama wafanye skrini isijifunge, mkono unatosha. Video zinakula bando vibaya, sauti peke yake zinafanya kazi bila intaneti, asanteni kwa hiyo, mfanye hivyo na zingine. Usiku kabla ya siku yangu ikanitumia ujumbe, "Kesho ndiyo siku yako, tulia!" wakati nilikuwa karibu kupata usingizi, sikulala tena vizuri, tafadhali hizo jumbe ziishe jioni mapema. Yale majibu ya uoga nilikubali yatumwe kliniki ila sioni mahali pa kuyafuta baadaye, na hiyo ni siri ya mtu. Kile kikatuni cha jino linacheka kiwekwe kwa sehemu ya watoto tu, sisi watu wazima tuongeleshwe kama watu wazima. Na wawekee wazee sauti za Dholuo na Kiluhya, juu hapa kwetu mwenye meno mabaya zaidi mara nyingi si mwenye kusoma skrini.

Kitu kikubwa wamesahau kabisa ni bei. Nusu ya usingizi nilikosa haikuwa ya sindano, ilikuwa ya kujiuliza nikishafunguliwa jino wakasema ni la kusafishwa mpaka mzizi nitatoa wapi hiyo pesa nikiwa nimelala pale mdomo wazi. Kama apu inaweza kunieleza adrenalini, inaweza kunionyesha kuziba ni ngapi, kutoa ni ngapi, kusafisha mzizi ni ngapi, na kama naweza kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Wakiweka hiyo nawapa nyota tano. Saa hii ni nne, na nimeshamtumia linki dadangu wa Mamboleo, gego lake limeanza kufura na anangoja mwisho wa mwezi.