Mbeya hadi Matema kwa Noah ya kukodi: suka (dereva) nampa alama zote, gari nusu

Miaka 6 nilikuwa konda wa Coaster za Mbeya–Kyela, kabla sijafungua kibanda cha spea Mwanjelwa. Barabara ile naijua tuta kwa tuta. Lakini konda anasimama mlangoni uso ukiwa ndani: nauli, chenji, nani anashukia Kiwira, mzigo wa nani umeziba njia. Ziwa Nyasa nilikuwa nalichungulia juu ya mabega ya abiria, sekunde mbili tatu, basi. Kwa hiyo mama aliposema anataka kwenda kuliona ziwa wakati magoti bado yanamruhusu, nilikataa katakata kumpandisha Coaster. Mama ni mzaliwa wa Ipinda, ana miaka 71, na safari hii nilitaka aifaidi dirishani kuanzia Uyole mpaka mchangani Matema.

Nikakodi Noah yenye dereva kwa siku 2, kwenda Ijumaa na kurudi Jumamosi, kwenye ofisi moja hapa hapa mjini. Walinitoza shilingi 130,000 kwa siku. Mafuta, chakula na malazi ya dereva vikawa juu yetu. Petroli ilikula 98,000, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya kule. Tulikuwa wanne: mimi, mama, mke wangu na binti yetu wa darasa la tano aliyekuwa likizo ya mwezi wa 6. Kwa idadi hiyo naona bei ni ya haki. Coaster ni nafuu mara kadhaa, ila Coaster haisimami ili mtoto aangalie mlima.

Sasa niseme kilichoniuma. Kwenye simu nilimweleza yule wa ofisini mara mbili kwamba nambeba mzee, na kwamba safari yenyewe ni ya kutazama nje. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, gari nililooneshwa ndilo litakalokuja. Tulipatana saa 12 asubuhi Mabatini, hapa hapa Mbeya. Gari likafika saa 1 na robo, na halikuwa lile. Hili la pili injini safi, tairi nzuri, nimezikagua kwa mkono wangu, lakini vioo vya nyuma vyote vilikuwa vimebandikwa karatasi nyeusi tii, na kioo cha siti ya kati upande wa kushoto hakishuki. Nilibonyeza swichi, kimya. Nikasikiliza kama mota inajaribu kuzunguka, kimya. Upande ule wa kushoto ndio wenye Mlima Rungwe ukiwa unashuka kuelekea Tukuyu. Nilipiga simu ofisini nikajibiwa kwamba gari lingine halipo, na kwamba gari ni gari ilimradi linafika.

Hapana. Mteja aliyekodi gari apeleke saruji, hilo ni jibu. Aliyekodi apate kuona, kioo ni sehemu ya alichokilipia, sawasawa na breki.

Aliyeiokoa siku yetu ni dereva. Kijana wa miaka thelathini na kitu hivi, mpole, alishuka kwanza akamwamkia mama shikamoo, na aliposikia kiitikio chake akahamia Kinyakyusa. Akaangalia kile kioo, akaniambia, "Kaka, mama akae mbele na mimi." Mbele ya Noah ni juu kwa mtu wa magoti. Akaenda duka la jirani akaazima kreti tupu la soda, akaligeuza, likawa ngazi. Lile kreti tulisafiri nalo siku zote mbili, na kila tuliposimama lilikuwa la kwanza kushuka. Kazi hiyo hakuna aliyemtuma.

Uyole tukakata kulia kushika barabara ya Malawi, tukaipita Igawilo, tukaanza kupanda. Isyonje ilikuwa ukungu mtupu na baridi ya kung'ata, taa zimewashwa saa 3 asubuhi. Pale unakuwa juu ya mita 2,000, na ziwa unaloliendea liko chini ya mita 500, kwa hiyo siku nzima ni ya kushuka. Hapa ndipo suka anapopimwa. Nimefanya kazi na madereva waliokuwa wakiteremka na mguu kwenye breki muda wote, hadi abiria wa nyuma wanaanza kunusa na kuulizana kuna nini kinaungua. Huyu alirudisha gia chini kabla kona haijafika, akaacha injini ishike gari, breki akaigusa tu mwisho. Tulipofika Kiwira nilishuka nikaweka kiganja karibu na rimu ya mbele. Vuguvugu. Nauza breki pedi kila siku, najua rimu inavyochoma mtu akitoka kushuka Isyonje vibaya.

Kuhusu Kiwira, Katumba na Tukuyu sitasema mengi, wengi mnazijua: mikungu ya ndizi imepangwa barabarani, chai imekatwa sawa kama zulia mpaka upeo wa macho, na mvua, kwa sababu Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na sehemu yake ilitukuta sisi. Ila kuna mahali kati ya Ntokela na Kiwira ukungu ulifunguka, dereva akaweka gari pembeni bila kuambiwa. Mlima Rungwe ukatokea mzima, mita 2,960, kuanzia mashamba ya viazi hadi kileleni. Binti yangu alikuwa hajawahi kuuona wote. Tukakaa pale kama dakika kumi. Dereva hakuangalia saa, hakuzungusha funguo. Mtu aliyelipwa kwa siku ana kila sababu ya kukukimbiza ufike apumzike, na huyu hakufanya hivyo hata mara moja.

Chini ya Tukuyu hewa inabadilika. Masikio yanaziba, masweta yanavuliwa moja moja, migomba inaanza kuchanganyika na michikichi na mikakao. Kisha kona moja inafunguka na ziwa linakuwa pale, mstari wa bluu chini ya mawingu, na ukuta wa Milima ya Livingstone upande wa kushoto. Mama aliinua mkono akaushika ule mshikio wa juu ya dirisha. Hakusema kitu. Dereva akapunguza mwendo hadi kama 30, akawasha indiketa lori la nyuma litupite, akaenda hivyo hivyo mpaka kona ikatuficha. Mimi nililiona ziwa siku hiyo katikati ya vichwa viwili, cha mama na cha suka, maana kioo changu kilikuwa giza. Lakini nililiona kwa muda mrefu kuliko miaka yote 6 ya mlangoni.

Kikusya tukakata kushoto. Njia hii ya kupitia Ipinda hadi Matema siku hizi ni lami, kama kilomita 39, na kwa anayeikumbuka enzi za tope atajua nina maana gani nikisema tuliimaliza hatujachafua hata tairi. Ni njia tambarare, mashamba ya mpunga pande zote. Kakao zimeanikwa mikekani mbele ya nyumba, na ukishusha kioo (cha mbele, ndicho kinachoshuka) harufu yake kali ya uchachu inaingia ndani. Ipinda mama aliomba tusimame. Nyumba ya kwao haipo tena, upo mwembe. Alisalimiana na wazee wawili wanawake, wakashikana mikono kwa muda, dereva akiwa amezima gari. Aliporudi, dereva alikwisha kuweka kreti.

Matema tulilala kwenye nyumba ya wageni ya ufukweni, vyumba vya kawaida, neti nzima, maji ya kuoga ya baridi. Chakula cha jioni mbasa wa kukaanga na wali wa mchele wa kule kule Kyela, ule unaonukia tangu jikoni. Samaki alikuja amechelewa lakini alikuwa mbichi wa siku hiyo, hana hata dalili ya barafu. Hilo latosha.

Asubuhi ya Jumamosi ndiyo iliyonifanya nichague siku zile. Jumamosi ni gulio la Lyulilo, kijiji kinachofuata ukiifuata fukwe kuelekea milimani. Hapo lami imeshakwisha. Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja, ziwa nalo mbele huko linakwenda kina cha mita 700, na anayetaka kuendelea mwambao, Lumbila hadi Lupingu, anapanda mtumbwi au boti. Vyungu vya Wakisi, watu wa mwambao huo, vinakuja sokoni kwa njia hiyo, vimepangwa ndani ya mitumbwi na nyasi katikati. Tulisimama tukaangalia mmoja ukishusha mzigo. Wanawake waliingia maji ya magoti, chungu kimoja mkono huu, kingine mkono ule, wakavipanga mchangani kwa ukubwa.

Mama alichukua nusu saa kuchagua viwili. Anakiinua, anakigeuza mdomo uelekee jua, anaangalia ndani. Kisha anakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, mara mbili, ameinamisha sikio. Kilicho kizima kinalia kama kengele ndogo. Kimoja kilikuwa kizuri kuliko vyote, kimepakwa udongo mwekundu, kuta nyembamba ajabu ukifikiri kwamba wanawake wale wanafinyanga kwa mikono tu. Alipokigonga kikatoa sauti fupi, butu. Akamrudishia mwenyewe taratibu, akamwambia kina ufa. Yule mama mfinyanzi akakigonga naye, akasikiliza, akakiweka nyuma yake, mbali na vile vya kuuza. Akampa kingine, wakapatana 6,000. Mama akamwambia "ndaga fijo," yaani asante sana, wakacheka.

Dereva akafunga vile vyungu kwa majani makavu ya migomba, akajaza majani mengine ndani yake, akaviweka sakafuni nyuma ya siti ya kati, siyo kwenye buti. Alinieleza sababu: nyuma kabisa gari linarusha zaidi. Kweli kabisa, na sijui ni madereva wangapi wangejisumbua kufikiria hilo. Kutoka Lyulilo hadi kurudi kwenye lami alikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vyungu vimefika Mabatini vizima, kimoja kimeshapikiwa kande.

Kurudi tulifika saa 2 usiku, kwa sababu ya mvua na foleni ya malori Uyole. Jumatatu nikaenda ofisini kwao, nikasema yote haya kwa utulivu, kuanzia saa moja na robo ya kuchelewa, gari kubadilishwa, hadi kioo. Walinirudishia 20,000. Waliomba radhi kwa kuchelewa, lakini kuhusu kioo bado wanaona nimekuza jambo. Mota ya kioo cha Noah niliwaambia nitawafungia mwenyewe kwa bei ya jumla, na ile karatasi nyeusi inabanduka kwa maji ya moto na wembe kwa jioni moja. Sijapigiwa simu hadi leo.

Kwa anayepanga safari kama hii na wazazi wake: nenda Ijumaa urudi Jumamosi, ulione gulio. Chukua sweta kwa ajili ya Isyonje na nguo nyepesi kwa ajili ya Ipinda, zote mkononi. Gari likague siku moja kabla, na usiishie kwenye tairi. Kaa pale mzee wako atakapokaa, funga mlango, angalia nje.

Mama ameshaanza kuizungumzia Desemba. Namba ya suka ninayo, na amekubali. Gari nitalitafuta kwingine, na kabla sijatoa hela nitaingia siti ya kati nibonyeze ile swichi.