Neumz ukiwa Tabora: Zaburi za masista wa Jouques, bando na kile kimya cha katikati

Neumz ni programu ya simu iliyobeba sala nzima ya masista Wabenediktini wa abasia ya Notre-Dame de Fidélité, Jouques, kusini mwa Ufaransa. Hawa ni masista wa ndani. Hawaendi kufundisha shuleni wala kuhudumia zahanati. Kazi yao ya kwanza ni kuimba sala za vipindi kwa Kilatini. Vipaza sauti viliwekwa kanisani mwao, ukarekodiwa mzunguko mzima wa miaka mitatu ya liturujia, A, B na C. Zimepatikana zaidi ya saa 7,000 za sauti. Kilatini na nota za mraba zenye mistari minne hupita kwenye kioo sambamba na wimbo, tafsiri ikiwa kando. Kiswahili usikitegemee, kwa hiyo Biblia iwe mezani.

Aliyezoea kwaya zetu atashtuka kidogo. Hakuna kinanda cha kuchangamsha, hakuna besi wala teno, ni sauti moja tu. Masista wamegawanyika pande mbili, upande huu ukiimba mstari, ule unapokea unaofuata. Katikati ya kila mstari, penye alama ya nyota, wote wananyamaza kidogo, kisha wanamalizia nusu ya pili. Hapo ndipo wasikilizaji wengi wa huku wanapolaumu mtandao bure. Ukisikia kimya, angalia dakika kwenye kioo: zikiwa zinasogea, ni masista wanavuta pumzi, zikiwa zimeganda, basi kweli mtandao umegoma. Ukishalizoea hilo pumziko, utagundua ndilo linalokufundisha kusali bila kukimbia, maana jumuiya zetu nyingi husoma Zaburi kama zinafukuzwa.

Usianze na sala ya usiku wa manane. Ni ndefu, Zaburi zake hubadilika kila siku, na asiyejua Kilatini atapotea ndani ya dakika tano. Anza na sala ya kufunga siku, Kompletorio. Kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, Zaburi zake ni tatu zilezile kila siku ya mwaka: 4, 90 na 133. Fungua Biblia kabla ya kubonyeza, zisome zote tatu kwa Kiswahili kwa sauti, halafu ndipo uwaache masista waimbe. Baada ya wiki chache utakuwa unajua walipofika bila kutazama simu.

Lakini hapo kwenye namba pana mtego. Vitabu vya Kilatini vinafuata hesabu ya zamani, na Biblia zetu zinafuata hesabu ya Kiebrania. Kuanzia Zaburi ya 10 hadi ya 146 ya Kilatini ongeza moja: 90 yao ni 91 yetu, 133 yao ni 134 yetu. Ya 4 haibadiliki. Kwenye 113 hadi 115 hesabu huvurugika, kanuni ya kuongeza moja haifanyi kazi. Humo linganisha maneno ya mwanzo. Na aliyezoea kitabu cha sala za vipindi cha Kirumi asihangaike kuutafuta wimbo wa mzee Simeoni: Kompletorio ya Kibenediktini haina.

Kuhusu bando: sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo sala ya robo saa haizidi MB 15 au 16. Video ya kawaida ya muda uleule inaweza kula mara kadhaa ya hapo. Ukisali na jumuiya, spika ndogo ya bluetooth inatosha; ila punguza besi, la sivyo Kilatini kinakuwa mngurumo. Zipo huduma za kulipia, hivyo soma masharti ya malipo kabla ya kuingiza namba ya kadi, hasa kipengele cha kujirudia chenyewe.

Usitafute mazungumzo na masista humo. Hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2016 kuhusu watawa wa ndani, na maelekezo ya Vatikani yaitwayo Cor Orans ya mwaka 2018, yanataka vyombo vya mawasiliano vitumike kwa kiasi na busara, ukimya wa monasteri usivunjwe. Programu ya sauti inaliheshimu hilo kuliko kurasa nyingi zenye picha za masista wakipika keki. (Keki si dhambi, lakini haikusaidii kusali.)

Anayetaka kuabudu mbele ya Ekaristi kuliko kusikiliza Zaburi, Neumz haimfai. Aangalie kamera ya masista wa Tyburn, London. Inaonyesha Sakramenti Takatifu moja kwa moja, karibu na mahali Wakatoliki walipokuwa wakinyongwa kati ya 1535 na 1681. Ila hiyo ni video. Usiifungulie kwa bando la siku. Saa nazo zipige hesabu: wakati wa baridi kwao, saa 3 usiku Tabora ni saa 12 jioni London, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, ni saa 1 usiku.

Kwa wanakwaya, sehemu yenye faida ya haraka ni wimbo wa Bikira Maria unaofunga Kompletorio. Regina caeli huimbwa kipindi cha Pasaka, Salve Regina kuanzia baada ya hapo hadi Majilio. Ni mifupi, watu wazima wengi wanaijua kwa Kiswahili, na kwa kurudiarudia kila usiku mwanakwaya asiyesoma nota hata moja anaweza kuishika.