TAHADHARI: Nyumba ya wapangaji inayouzwa Kivule, Dar es Salaam, vyumba nane, geti la bluu. MSITOE HELA!

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka. Nimekaa kimya wiki tatu kwa aibu, lakini jana nimesikia nyumba ile ile inatembezwa kwa mtu mwingine. Nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.

Hela niliikusanya kwa kujinyima. Nilitaka kununua nyumba ya kupangisha, ya kwanza maishani mwangu. Na sikukurupuka! Miezi minne nimezunguka na madalali, Chanika, Mbagala, Kitunda, daftari mkononi. Kila nyumba nauliza kodi, nauliza maji, napiga hesabu.

Jumamosi ile dalali akanipeleka Kivule. Tumefika saa nne asubuhi, ua umechangamka: nguo kwenye kamba, watoto wanacheza, mama mmoja anakaanga maandazi, kila mlango una pazia. Yule mama nilimuuliza mwenyewe, pembeni, mzee mwenye nyumba hayupo: "Dada, hapa unalipa shilingi ngapi?" Akajibu bila kusita, "Elfu sitini, tunalipa miezi sita sita, na mzee hana maneno." Nikagonga mlango wa pili, jibu lile lile. Mzee akatoa kaunta buku la kodi, majina na saini tangu 2021, wino wa rangi mbalimbali, kurasa zimechakaa kabisa. Vyumba nane mara elfu sitini ni 480,000 kwa mwezi, 5,760,000 kwa mwaka. Bei milioni 45. Miaka minane hela imerudi na nyumba ni yangu. Nani angeiacha?

Adhuhuri ilipoadhiniwa akaomba radhi, akaenda msikitini, akaniachia bunda la funguo mezani. Funguo za vyumba vyote! Aliporudi akaniita mwanangu, akasema wanunuzi wapo wengi ila moyo wake umenikubali mimi. Kesho yake nikampa kishika uchumba, milioni 12, mbele ya mashahidi wawili, tukaandikishana.

Siku ya kumi na nane napita kuangalia, nakuta tangazo la mnada limebandikwa ukutani. Nyumba ameiweka rehani benki, mkopo haulipi! Vyumba vitano vitupu, mapazia yameondoka. Wapangaji wa kweli ni watatu, kila mmoja analipa 35,000. Wale wengine waliitwa siku ile wakae tu, wamelipwa, na mama wa maandazi ni mtoto wa dada yake. Mzee simu haipatikani. Dalali ananiambia yeye kazi yake ilikuwa kunionyesha nyumba, basi.

AFUNGWE. Mvi zote zile, sijida kwenye paji la uso, anamwita mtu mwanangu huku anamchuna! Na dalali afungwe naye, na wale waliokaa vibarazani wakanitazama nikidanganywa, wote. Mnaoishi naye mtaa mmoja msimfiche eti kwa sababu ya umri. Mimi nimelala na njaa nikikusanya ile hela.

Dalili zilikuwepo. Hati alinionyesha kivuli tu, halisi eti iko kwa kaka yake Tanga. Nilipotaja kwenda kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi akasema kule wanachelewesha, na kuna mteja wa Mwanza anafika Jumatatu. Ningekwenda, rehani ingeonekana. Mkewe sikumwona wala saini yake sikuiona, na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke. Na kodi niliwauliza wa ndani ya ua peke yao. Mwenye duka ng'ambo ya barabara ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mtaa ule hakuna chumba cha elfu sitini. Nendeni siku ya kazi, usiku, bila dalali.

RB ya polisi ninayo. Mpaka leo tumeshajuana watatu tuliompa hela kwa nyumba hiyo hiyo. Kama na wewe umo, nitumie ujumbe leo, njoo na karatasi yako ya mauziano, tuunganishe kesi.