Hipnotherapi kwa anayemwogopa daktari wa meno: uzoefu wangu baada ya vikao vinne

Nianze na jino lenyewe, usije ukadhani nilikwenda kujifurahisha. Gego la chini upande wa kulia lilikuwa limetoboka hadi ncha ya ulimi inazama. Miezi minane nilitafunia upande mmoja, nikalala na dawa za maumivu chini ya mto. Mara mbili nilifika hadi mapokezi ya daktari wa meno, nikaandikisha jina, nikasikia ile mashine ikilia chumba cha ndani, nikasingizia simu na kutoka. Mtu mzima mimi, mwenye watoto ninaowaambia sindano haiumi.

Woga wenyewe chanzo chake nakijua. Nikiwa na miaka 8 niling'olewa jino kabla ganzi haijashika, watu wazima wawili wamenishika mabega. Tangu hapo harufu ya karafuu tu inatosha kunilowesha viganja. Baadaye nilikuja kujua kwamba harufu ile ya chumba cha meno hutokana na eujenoli, mafuta yanayopatikana kwenye karafuu, ambayo huchanganywa na oksidi ya zinki kupata kizibo cha muda. Kumbe pua ilikuwa inakumbuka kabla yangu.

Aliyenielekeza kwenye hipnotherapi, yaani tiba ya kutumia hipnosi, ile hali ya kutulia sana hadi akili izame kwenye jambo moja, ni daktari wa meno mwenyewe, aliponipigia simu baada ya kunikosa mara ya pili. Nilicheka. Nilichokuwa nakijua mimi ni yule mtu wa jukwaani anayepunga saa ya mnyororo mpaka mwenzake abweke kama mbwa. Hata jina lenyewe la hipnosi linapotosha: James Braid, daktari wa upasuaji wa Uskoti, alilieneza miaka ya 1840 akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi, halafu mwenyewe akatamani kulibadilisha, maana wengi aliowatibu hawakuwa wamelala.

Kikao cha kwanza hakikuwa na hipnosi hata chembe. Mtaalamu wa hipnosi, mama mmoja, aliniuliza dawa ninazotumia, kama nina kifafa, kama nimewahi kusikia sauti zisizo na mtu. Akanipa karatasi yenye maswali matano ya kupima woga wa meno, ambayo alama zake huanzia 5 hadi 25, na ukifika 19 unahesabiwa kuwa na woga mkali. Nikapata 23. Kisha akauliza, "Ukishakaa kwenye kile kiti, unaogopa nini hasa?" Nikasema sindano. Akauliza tena. Nikasema mashine. Akanyamaza, ananitazama tu. Nikajisikia nasema, "Naogopa kwamba nikisema basi, hawataacha."

Sikuwa nimepanga kulisema hilo. Kwa maoni yangu, nusu ya thamani ya vikao vyote vinne imo kwenye sentensi ile, na nilikuwa macho kabisa.

Kikao cha pili ndipo tulipoingia kazini. Unakaa umeegemea, unakodolea doa moja ukutani hadi kope zichoke, unavuta pumzi ndefu, anahesabu kurudi nyuma taratibu. Nilisikia kila kitu: pikipiki ikipita, tumbo likiunguruma. Nikasema moyoni, kwangu hii haishiki. Akaniambia nione mkono wangu wa kulia umezama kwenye ndoo ya maji ya baridi sana, ganzi inapanda kidole baada ya kidole mpaka kwenye kifundo, kama nimevaa glavu. Akanifinya mgongo wa mkono. Nilihisi kuguswa, lakini kama mtu anayemgusa jirani yangu. Kisha niliupeleka ule mkono shavuni, ganzi ihamie kwenye taya. Nilipofungua macho nilidhani zimepita dakika 15. Zilikuwa 50.

Tusidanganyane hapa: ile glavu haikufuta haja ya sindano ya ganzi, na mtaalamu mwenyewe hakudai hivyo. Akitokea wa kukwambia jino litatobolewa bila ganzi kwa sababu yake, mwache na jino lake. Tena watu hawashiki sawasawa. Wapo wanaozama haraka, wapo wasioshika kabisa, mimi niko katikati.

Malalamiko ninayo mawili. Kikao cha tatu alitaka turudi utotoni "kuchimba kumbukumbu zilizofichika". Nilikataa. Akili iliyolegea hivyo hubuni mambo na kuyaamini, na mimi kumbukumbu niliyo nayo inanitosha. Hakushikilia, ila tulipoteza nusu saa. La pili ni ile rekodi ya dakika 18 aliyonipa niisikilize kila usiku: milio ya ndege ilizidi sauti yake. Nilirudi kumwomba nyingine isiyo na ndege, akacheka, akarekodi upya papo hapo.

Siku yenyewe ilipofika tulikuwa tumekubaliana na daktari: nikiinua mkono wa kushoto, kila kitu kinasimama. Nilimjaribu. Hata kabla ya sindano, kioo tu kimeingia mdomoni, nikainua mkono. Akakitoa, akarudi nyuma na kigoda chake, akasubiri. "Uko sawa?" Niko sawa. Nikainua tena baada ya dakika moja, bila sababu. Akasimama tena, bila kuguna. Hapo ndipo ndoo ya maji ya baridi ilipokubali kuja.

Baada ya sindano moyo ulianza kwenda mbio. Zamani ningeruka dirishani. Lakini daktari alishanionya kwamba ganzi hiyo ina adrenalini kidogo, na kwamba mapigo yatatulia baada ya dakika chache. Yakatulia kweli. Jino lilikuwa na mifereji mitatu ya mizizi, na yote ilibidi isafishwe. Katikati ya kazi maji yalinipalia, ile picha ya ndoo ikapasuka yote, nikainua mkono, nikakohoa, nikaanza kuhesabu upya kutoka kumi. Nilipoteremka kitini niligundua vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja ndani ya viatu muda wote.

Kwa hiyo woga haujaisha. Nilijaza tena ile karatasi ya maswali matano nikapata 14. Ni hipnosi au ni ule mkono wa kushoto? Siwezi kuvitenganisha. Ila najua bila vile vikao nisingejua niombe nini, na bila daktari anayesimama anapoambiwa simama, rekodi ingebaki kuwa sauti nzuri ya kulalia. Kama daktari wako hana subira, badilisha daktari kwanza. Tafuta mtaalamu wa hipnosi mwenye taaluma ya afya nyuma yake, si cheti cha wikendi. Na uulizie pia tiba ya kubadili fikra na mwenendo, maana kwa hofu za namna hii ushahidi wake umesimama imara zaidi.

Kizibo cha kudumu kinawekwa Alhamisi ijayo. Nimetega kengele saa moja kabla, niisikilize ile rekodi isiyo na ndege.